Kigoda Chini ya Ulezi

Hamtaamini, na sitawalaumu. Mwaka wa 1956, upande wa Tarime, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Sirari, mzee mzima mwenye ng'ombe, mwenye sauti kwenye vikao, alijisukia mwenyewe ndani ya kihenge cha nafaka akashindwa kutoka. Mchana kweupe. Na mtu pekee aliyekuwepo nyumbani wa kumsaidia ni yule ambaye hakutakiwa hata kumtazama usoni.

Ngojeni nianze na birika, maana bila birika hamtaelewa kitu.

Ghati alikuwa binti wa Nyansurura, kule Serengeti, na alikuwa na miezi minane tu kwenye ndoa. Siku alipoolewa, shangazi yake Agustina alimpa birika la bluu lenye madoa meupe, kifuniko chake kina kishikizo kidogo kama tumbo la kifaranga. Shangazi alimwambia, "Hili litachemka kwenye mafiga yako mwenyewe, si ya mtu mwingine." Ghati akalifunga kwenye kitambaa, akaliweka juu ya dari ya fito, na hapo ndipo lilipokaa miezi yote minane, halijaonja moto hata mara moja.

Kwa nini? Kwa sababu bibi arusi mgeni hana jiko. Nyumba ya kulala anayo, yeye na mume wake. Lakini kupika anapika kwa mama mkwe, kwenye mafiga ya mama mkwe, kwa chumvi iliyopimwa na vidole vya mama mkwe, mpaka siku atakapopewa mafiga yake matatu. Siku hiyo ndiyo anakuwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni anayesaga.

Na Ghati alisaga. Alisaga ulezi unga ukatoka laini kama vumbi la barabarani, na hapo ndipo alipojiponza, maana mama mkwe wake, Mokami, aliupenda unga ule kuliko kitu chochote. Mokami hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, Ghati angepata la kulalamikia kwa watu. Mokami alikuwa mnene, mcheshi, akicheka lazima ashike ukuta. Ghati akigusia habari ya mafiga, anajibiwa, "Mafiga ya nini, mwanangu? Unataka ule peke yako kama mgonjwa wa surua?" Halafu anacheka, anashika ukuta, na mazungumzo yameisha.

Ila kuna siku shangazi Agustina alikuja kutembea. Akakaa, akanywa uji, akauliza mbele ya majirani wote, "Mama Tomaso, huyu binti yetu atapewa lini mafiga?" Majirani wakanyamaza kusikiliza. Mokami akaona hapa hakuna ukuta wa kushika. Akasema, "Siku kihenge chake kikijaa ulezi, siku hiyohiyo anapewa. Nimesema mbele yenu."

Wote wakafurahi. Ghati peke yake ndiye aliyelala na mashaka, kwa sababu alimjua mama mkwe wake. Mokami alikuwa na vihenge vyake viwili vikubwa. Mavuno yakija, ulezi utaingia kwenye hivyo viwili kwanza, na cha Ghati kitabaki kitupu mpaka mwaka mwingine. Hakukawia kulisikia kwa masikio yake. "Kihenge kipya kinakaa kwanza kinazoea upepo," Mokami alisema siku moja, anachagua mboga, hata hakuinua kichwa. Mwaka mzima tena wa kusaga. Birika litazeeka darini.

Sasa tuje kwa mzee.

Baba mkwe wa Ghati aliitwa Werema, na kwenye kusuka vihenge hakuwa na mpinzani, isipokuwa jirani yake Matiko ambaye naye alisema hana mpinzani. Mzee Werema alikuwa mfupi, mguu mmoja una goti bovu, ila vidole vyake vilikuwa vinazikunja fito kama vile anasuka nywele. Watu wengine wanasuka kihenge wakiwa nje. Yeye hapana. Kikishafika kiunoni anaingia ndani, anasuka akiwa ndani, anazibana fito kwa kifua. Alisema kusuka ukiwa nje ni kazi ya watu wenye haraka.

Kutoka kwake hakukuwa na shida. Ndani alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu alichochonga mwenyewe, nje amepindua kinu. Anapanda kigoda, anavusha mguu, anakanyaga kinu, yuko chini. Kigoda kile kilikuwa hakimwachi. Akienda kikaoni anacho, akienda kuota jua anacho. Watu wakikiona kigoda wanajua mzee hayuko mbali.

Kihenge cha Ghati alikisuka mwezi mzima. Sehemu ya chini Ghati mwenyewe alikuwa ameipaka samadi ya ng'ombe kwa mikono yake, kikiwa bado kifupi, mzee akiwa ameenda kwenye pombe, na samadi ilishakauka ikawa ngumu kama sahani. Kwa haki kabisa kilikuwa kimetosha wiki iliyopita. Lakini Matiko alipita njiani akakitazama, akasema, "Kizuri. Kinanikumbusha changu, kile kidogo."

Basi. Mzee Werema akaingia tena ndani na mzigo wa fito.

Asubuhi ya siku yenyewe, Mokami alifunga kuku wanne miguu, akajitwisha, akasema anaenda sokoni Sirari kutafuta chumvi na kitambaa. "Nikirudi nampitia Matiko," alisema. "Amesema saa tisa anakuja kukipima hicho kihenge kwa fimbo yake. Mkamwana, angalia ulezi usiliwe na kuku."

Ulezi wote wa mwaka ule ulikuwa uani, masuke yamekauka, umelala juu ya ngozi za ng'ombe kama kichuguu chekundu. Tomaso, mume wa Ghati, alikuwa Kisaka kufuata ng'ombe wa mjomba wake na asingerudi kabla ya kesho kutwa. Nyumbani wakabaki watu wawili na mbwa.

Hapa ndipo penye mambo. Kwa Wakurya wa wakati ule, mkwe wa kike na baba mkwe hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, baba mkwe hakanyagi ndani kwa mkwe wake, na kuongea ana kwa ana ni aibu ya kutosha kukutoza mbuzi wa faini. Kwa kawaida Mokami ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Asipokuwepo Mokami, kazi hiyo ilikuwa ya mbwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Karani, kwa sababu alikuwa anakaa mlangoni, amekunja paji la uso, anatazama watu kama anawaandika.

Ghati alikuwa anasaga. Alimsikia mzee anaimba polepole ndani ya kihenge, halafu akasikia *ka*, kitu kikavu kimevunjika, halafu *pu*, kitu kizito kimeanguka. Wimbo ukakatika.

Akaacha kusaga. Akasubiri.

"Karani," sauti ya mzee ikasema kutoka kihengeni.

Karani akainua sikio moja.

"Karani, hapo nyumbani kuna mtu?"

Ghati akainuka, akasogea mpaka uani, akakipa kihenge mgongo kama adabu inavyotaka, na mzee akamwita tata, yaani baba. "Karani, mwambie tata kwamba mtu yupo. Muulize kama ameumia."

"Karani, sema sijaumia. Sema kigoda ndicho kimeumia. Mguu umekatika."

Kuku mmoja akasogelea ulezi, Ghati akamtishia kwa mguu bila kuongea.

"Karani," Ghati akasema, "muulize tata kama anaweza kupanda bila kigoda."

Zikasikika kucha zinakwaruza fito, pumzi nzito, halafu *pu* nyingine ndogo. Ukuta ulikuwa umempita kichwa. Siku zote alikuwa anaacha usawa wa bega, lakini leo aliongeza kiganja kwa ajili ya Matiko, na kiganja kingine ili Matiko asibishe. Na juu kabisa ncha za fito zilikuwa bado hazijafungwa, zimesimama kama miiba ya nungunungu. Kwa goti lile, hata angekuwa mrefu asingeweza.

"Karani," mzee akasema mwishowe, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. "Sema nimekisuka vizuri mno."

Ghati akaziba mdomo kwa kiganja. Kumcheka baba mkwe ni mbuzi mwingine.

"Karani, mwambie tata naenda kumwita Mzee Matiko."

"Karani, usimruhusu." Sauti ilipanda. "Sema afadhali nikaukie humu kama tumbaku kuliko Matiko anione. Atalisimulia hili mpaka kwenye msiba wangu. Atasimama pembeni ya kaburi aseme, leo angalau tumemtoa kwenye kihenge."

Kwa hiyo Matiko haitwi. Majirani wengine nao ni masikio ya Matiko. Kukisukuma kihenge kianguke haiwezekani, kimekaa juu ya mawe na kingepasuka na mzee ndani. Kukikata kwa panga je? Ghati alilitazama panga lililochomekwa kwenye paa. Mkato mmoja tu upande wa chini na mzee anatambaa kama kuku. Lakini kihenge kilichokatwa ni kuni. Fito zile zilikatwa mtoni wakati wa mvua, zikiwa laini. Kwa sasa hakuna nyingine. Kukata kihenge ni kukata mafiga yake kwa mkono wake mwenyewe.

Akajaribu kuni kwanza. Alichukua gogo, akapanda juu ya kinu, akafumba macho, akalitumbukiza.

"Karani," mzee akasema baada ya muda, kwa uchungu, "muulize kama alikuwa analenga kidole gumba au imetokea tu."

"Karani, mwambie tata anisamehe."

"Karani, sema gogo lenyewe linaviringika. Halisimamiki. Asilete lingine."

Akajaribu kikapu, akakitupa kikiwa kimepinduliwa. Mzee alikipanda, kikabonyea mpaka chini, kikalia kama chura. Kigoda kingine hakikuwepo, wanawake walikuwa wanakaa kwenye ngozi. Kinu kilikuwa kizito, angekiinua nani. Jua lilikuwa limefika utosini na kihenge hakikuwa na paa. Ghati alimsikia mzee anajipepea kwa kitu, labda kwa kile kikapu.

"Karani, jua limefika wapi?"

"Karani, mwambie limepita kidogo katikati."

"Saa tisa Matiko anakuja na fimbo yake," mzee alisema, na safari hii hakumwita hata Karani. Alisema mwenyewe tu, chinichini.

Ghati akageuka kuwafukuza kuku. Walikuwa wamepanda juu ya kichuguu cha ulezi, wanadonoa, na kila walipodonoa ulezi ulikuwa unateremka, nao wanapanda tena juu yake. Akabaki ameinua mkono hivyohivyo, hajawafukuza.

"Karani," akasema polepole. "Muulize tata, nikimwaga ulezi humo ndani yeye akawa anaukanyaga, si atakuwa anapanda?"

Ndani kikapu kikaacha kupepea. Halafu, "Karani, huyu mtoto ametoka wapi?"

"Nyansurura," Ghati akajibu, akajisahau, akageuka haraka kwa mbwa. "Karani, sema Nyansurura."

"Sema alete."

Lakini Ghati hakuleta. Kuna jambo lilimkwama, akaona alitoe. "Karani, mwambie tata kwamba ulezi ukishaingia, kihenge kinakuwa cha mwanamke. Atakuwa yuko ndani kwangu."

Hilo lilikuwa zito, nanyi mnaliona. Mzee alikaa kimya mpaka Karani akapiga miayo.

"Karani, jibu hivi," akasema. "Mtu aliyefumba macho hayuko ndani kwa mtu. Ninafumba sasa hivi."

Akaleta. Kikapu cha kwanza, kichwani, mpaka kwenye kinu, uso umegeuzwa upande wa zizi, anamwaga. *Shaaa*. Ndani mzee anakanyaga, puh puh puh, kama mtu anayecheza ngoma ya polepole. Cha pili. Cha tatu. Vumbi la makapi likamwingia Ghati shingoni, kwapani, mdomoni. Cha saba, cha nane. Mzee akaanza kuimba tena. Ghati alijikuta anatembea kwa kuufuata ule wimbo, na kusema ukweli aliona utamu fulani. Hawakuwahi kufanya kazi pamoja, yeye na mzee yule aliyemsukia kihenge mwezi mzima bila kumwambia neno.

Kwenye kikapu cha kumi wimbo ukasimama.

"Karani, mwambie mwenye kikapu asubiri kidogo. Kigoda kimefikiwa na ulezi mpaka shingoni. Nikichomoe nikirushe nje, nitakuja kukipachika mguu."

Ghati alikuwa juu ya kinu, kikapu kimeegemea mdomo wa kihenge, kimeinama nusu.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo kichwa chake kilipokwenda mbio kuliko mbwa. Aliona jinsi mambo yatakavyokuwa jioni. Mokami atarudi, atacheka, atashika ukuta, halafu atasema, haya mwanangu, tuutoe ulezi wangu tuupeleke kwenye vihenge vyangu, hiki kizoee upepo. Na watautoa. Kitarudi kitupu, na birika litarudi kulala. Lakini kama kigoda kiko chini kabisa? Nani atathubutu kukimwaga kihenge kile mbele ya watu, kigoda cha mzee kitokee tumboni mwake? Kijiji kizima kinakijua kigoda kile. Kikionekana mle, hakuna atakayeuliza kilifikaje, kila mtu atajua mzee alikuwemo.

Alilijua hilo lote kikapu kikiwa kimeinama. Wala msiseme alikuwa mtoto.

Akamwaga.

*Shaaa*.

Ile puh puh ya kihengeni ikasita.

"Karani," Ghati akasema, uso ukiwa umegeukia zizi, "mwambie tata nimechelewa kusikia."

Angekuwa mzee mwingine angepiga kelele, na kwa kelele ile faini ingekuwa si mbuzi, ingekuwa ndama. Halafu akasikia mzee anavuta pumzi ndefu puani, kama mtu aliyenusa ugoro.

"Karani," mzee akasema. "Sema ulezi unashika vizuri zaidi ukiwa na kitu chini. Sema alete kingine."

Akaleta kingine, na kingine. Baada ya kikapu cha ishirini na kitu, akasikia sauti ya mzee iko karibu na sikio lake, akajua mzee ametokeza mpaka kiunoni. Hakugeuka. Aliegesha kikapu cha mwisho mdomoni, mzee akimwage mwenyewe kihenge kijae, akashuka, akaenda jikoni, akakaa nyuma ya mlango amefunika uso kwa shuka. Akasikia ncha za fito zinakunjwa, goti linalia, kinu kinayumba. Halafu miguu miwili chini.

"Karani," sauti ikasema uani, ya mtu huru, "sema asante."

Jua halikuwa limesogea sana Mokami alipotokea njiani, chumvi kichwani, na Matiko nyuma yake na fimbo ndefu. Mzee Werema alikuwa amesimama pembeni ya kihenge, mikono nyuma.

"Werema," Matiko akasema baada ya salamu. "Mbona umesimama kama askari wa bwana mkubwa? Kaa."

"Leo nasimama. Mtu akikaa sana magoti yanazeeka."

"Yako yalizeeka kitambo. Kigoda kiko wapi?"

"Kimepumzika."

Matiko akamzunguka, anamkagua. "Na kichwani ni nini? Umepaka nini?"

"Mvi," mzee akasema.

"Mvi nyekundu."

"Pima kihenge, Matiko, uende ukale kwako."

Matiko akapima kwa fimbo. Akapima tena upande wa pili, akiamini upande wa kwanza umemdanganya. Kimekipita chake kwa viganja viwili. Akakohoa, akasema ardhi ya pale imeinuka, akaaga upesi kuliko alivyokuja.

Wakati wote huo Mokami alikuwa anatazama uani, mahali palipokuwa na kichuguu cha ulezi, ambapo sasa palikuwa na ngozi tupu na kuku waliochanganyikiwa. Akapanda kinu, akachungulia kihengeni. Akashuka. Akamtazama mume wake kuanzia nywele zilizojaa makapi mpaka kidole gumba kilichovimba. Akaenda jikoni.

"Shikamoo, mama," Ghati akasema kutoka nyuma ya mlango.

"Marahaba. Ulezi wangu umeingia kwenye kihenge chako."

"Ndiyo, mama."

"Kwa miguu yake?"

Ghati akatoka nyuma ya mlango, shuka mkononi.

"Sawa. Kesho asubuhi tunautoa. Utaingia kwenye vyangu. Cha kwako nilisema kizoee upepo." Mokami akafungua chumvi, akaonja, akafunga. Halafu akauliza kama mtu anayeulizia habari za mvua, "Kigoda cha baba yako kiko wapi?"

Ghati angeweza kusema hajui. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama machoni, na Ghati akaona hapa hakuna Karani wa kumpa maneno.

"Kiko chini ya ulezi, mama."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa."

Mokami akafikiria. Unaweza kuona mtu anafikiria, nyusi zinakwenda mmojammoja. Alikuwa anawaona majirani watakaokuja kesho kusaidia kubeba, mke wa Matiko akiwa wa kwanza, maana huyo hakosi. Aliwaona wanachota, wanachota, kihenge kinakwenda chini, halafu mke wa Matiko anainua kigoda cha miguu miwili na nusu juu ya kichwa chake, anauliza kwa sauti, hiki nacho ni mbegu ya mwaka gani?

"Kilifikaje?" akauliza.

"Tata alikuwa amekisuka vizuri mno," Ghati akasema.

Mokami akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Akatafuta ukuta, akaukosa, akamshika Ghati, na uzito wote ule ukamwangukia binti wa watu, wakateremka wote wawili mpaka chini kwenye jivu. Alicheka mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la Sirari lililokuwa usoni mwake. Kila akitaka kuacha anasema "kidole gumba," anaanza upya.

Alipopoa alijifuta kwa khanga. Halafu akauliza, na sasa hakuwa anacheka, "Hukujua kigoda kimo, au ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukamwaga."

"Nikamwaga."

Mokami akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Na mimi nilidhani nimeletewa msagaji," akasema. Akainuka, akijisukuma kwa goti la Ghati. "Nilisema mbele ya watu. Kikijaa, siku hiyohiyo. Twende mtoni kabla jua halijazama, mafiga mazuri yako upande ule wa chini. Na utabeba mwenyewe, mimi nimechoka kucheka."

Walibeba matatu. Mokami akayapanga yeye mwenyewe kwenye nyumba ya Ghati, akayapiga kwa kisigino yakakaa. Ghati akapanda kwenye dari, akashusha birika, akalifungua kitambaa. Madoa meupe yalikuwa bado mapya. Lilichemka jioni hiyo, kifuniko kinacheza, na ile chai ya majani machache na sukari aliyoificha tangu Krismasi ilinukia mpaka uani.

Nje, mtu mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngozi kama mwanamke, kwa kukosa pa kukaa, akakohoa.

"Karani," akasema. "Muulize mwenye nyumba kama hiyo chai ina kikombe cha pili."

Kigoda kilikaa chini ya ulezi mpaka msimu uliofuata. Ghati ndiye aliyekichomoa, siku hakuna mtu, akakiegesha mlangoni kwa mzee kikiwa na mguu mpya. Hakuna aliyesema kitu. Matiko alikufa bila kujua.

Lakini mimi nakirudia kile kikapu cha kumi, kimeinama nusu, na mzee anasema subiri. Baba mkwe aliyekusukia mwezi mzima anakuomba kitu kidogo tu, akitoe kigoda chake. Ukisubiri, unasaga mwaka mwingine. Ukimwaga, umemfungia mzee aibu yake chini ya chakula chako. Wewe ungekuwa juu ya kinu kile, ungefanyaje?